Kibali cha ukumbi wa bethidei za watoto katikati ya viwanda, halafu mkosaji nimekuwa mimi fundi wa kuchomelea!

Wakuu, salaam. Nimevumilia tangu mwezi wa pili, leo nimeshindwa. Mnisamehe, uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira.

Mimi ni fundi. Nina karakana ya mageti, madirisha na matangi kwenye eneo la viwanda vidogo hapa Dar. Mtaa sitautaja wala halmashauri, maana mwakani narudi kwao kuomba leseni. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja pale. Kushoto kwangu kuna jamaa wanapulizia makabati rangi, ng'ambo wanakata marumaru, nyuma kuna ghala la betri za magari. Kulia lilikuwa ghala la magodoro, likafungwa, likabaki na popo. Hati za pale zinasema viwanda vidogo. Pango la ardhi tunalipa la viwanda.

Mwezi wa pili lile ghala likaanza kupakwa rangi. Waridi, njano, twiga mkubwa ukutani anacheka. Nikasema labda ni watu wa matangazo. Wiki iliyofuata likaja lori likashusha masponji, nyavu, trampolini, ngazi za kuteleza na magunia ya vile vimpira vya plastiki. Nikamfuata mlinzi.

"Mzee wangu, shikamoo. Hapa wanafungua nini?"

"Marahaba mwanangu. Ukumbi wa sherehe za watoto. Kibali kimeshatoka."

Kimeshatoka kupitia wapi? Mimi hapo nalala karibu kila siku. Ninavyojua, mtu akitaka kubadili matumizi ya kiwanja anaomba halmashauri, anasimamisha bango kwenye kiwanja chenyewe, anatangaza gazetini, ili jirani mwenye pingamizi aseme kabla kamati ya mipango miji haijakaa. Sheria ya Mipango Miji ipo tangu 2007, siyo jambo la jana. Bango pekee nililoliona pale lina maputo na namba ya simu ya kuweka oda ya keki.

Nilipokwenda kuuliza, kijana wa masjala akaniambia faili liko kwa bosi. Bosi yuko semina. Nikarudi Alhamisi, faili "limetoka kidogo". Faili linatoka kidogo kwenda wapi wakuu, kunywa chai?

Sasa sikieni kilichonitoa kwenye uvumilivu.

Jumamosi moja, saa tisa alasiri, nimeinama nachomelea mguu wa tangi, barakoa imeshuka. Nikasimama kubadilisha fimbo ya kuchomelea. Kunyanyua barakoa, mbele yangu, hatua tatu hivi, kuna mtoto wa kike, miaka minne au mitano, gauni la bluu lenye mabawa ya kipepeo, soksi bila viatu. Kashika kijiti cha puto, puto lenyewe halipo. Ananiangalia tu. Alikuwa ameangalia ule mwanga muda gani, sijui. Miguuni pake chini kuna masalia ya grainda, vile vichuma vyembamba kama ndevu, na mita moja kutoka kwake kipande nilichokuwa nimekikata dakika kumi nyuma. Chuma cha aina hiyo hakionekani chekundu, lakini ukikigusa ngozi inabaki.

Nikambeba, nikamrudisha. Mama yake akanijia juu: "Wewe baba, kwa nini unachomelea wakati kuna watoto?" Nikakosa la kumjibu. Dada yangu, mimi niko kazini kwangu!

Wanaojua kazi hii wanajua mwanga wa kuchomelea ukikupiga macho. Mchana unajiona mzima. Usiku ndipo unaamka kama mtu kakumwagia mchanga machoni. Sisi wakubwa tunabandika vipande vya viazi tunasubiri asubuhi. Mtoto wa miaka minne usiku huo anawaeleza nini wazazi wake? Watamtafuta mchawi.

Wiki moja baadaye ikaja barua. Haikwenda kwa mwenye ukumbi, ilikuja kwangu! Ina mhuri na kumbukumbu namba. Eti "kelele na moshi unaohatarisha afya ya watoto katika kituo jirani", nisitishe kazi Jumamosi na Jumapili, ama nijenge ukuta wa kuzuia sauti kwa gharama zangu. Jumamosi ndiyo siku wateja wanakuja kuchukua mageti yao. Na hata kanuni za kelele za mazingira za 2015 zinatenganisha eneo la viwanda na eneo la makazi, kwa sababu kila mtu anajua grainda hainong'oni. Sasa wameleta watoto kiwandani, halafu wanashangaa kiwanda kina kelele.

Kelele lakini ni jambo dogo. Linaloninyima usingizi ni lile jengo lenyewe.

Lina geti kubwa la chuma la kusukuma, ambalo sherehe ikianza wanalifunga watoto wasitoroke, na mlango mmoja mdogo nyuma. Juu ya ule mdogo wamebandika kibao cha kijani cha mtu anayekimbia. Vizuri sana. Ufungue: unatokea kwenye uchochoro wa mita moja na nusu, na unatazamana na kizimba changu cha mitungi. Oksijeni minne, asetilini miwili. Mlango wao wa dharura unawaleta watoto kwenye mitungi yangu ya gesi! Mtungi wa asetilini ukishapata joto la moto unaweza kupasuka hata baada ya moto kuonekana umezimwa. Niliuweka pale kwa sababu ng'ambo kulikuwa na ukuta wa ghala la popo.

Kule kwa jamaa wa rangi ni thina kutwa nzima. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa, haupandi, unatambaa sakafuni. Mtu mzima harufu inampita magotini. Mtoto anayetambaa kwenye dimbwi la vimpira yumo ndani yake. Na yale masponji yakishika moto hayatoi moshi wa kuni, yanatoa gesi za sumu, kaboni monoksidi na sayanidi.

Msiniambie natisha watu. Tarehe 25 Mei 2024, mji wa Rajkot kule India, ukumbi wa michezo uliojengwa kwa mabati uliwaka. Walikufa watu zaidi ya 25, watoto wakiwemo. Kamera zilionesha cheche za kuchomelea zikidondokea vitu vya plastiki, na ukumbi ulikuwa unaendeshwa bila kibali cha zimamoto. Cheche za kuchomelea! Yule fundi alikuwa mtu kama mimi. Na Kemerovo, Urusi, 25 Machi 2018, jengo lililokuwa kiwanda cha pipi likageuzwa maduka na sehemu za michezo ya watoto, wakafa watu 60, wengi wao watoto, na milango ya kutokea ilikuwa imefungwa. Hizi habari zipo, afisa mipango miji naye ana simu.

Nikamuuliza yule aliyeleta barua: zimamoto walikagua? Akaniambia, "Fundi, hayo hayakuhusu." Cheche ni zangu, mitungi ni yangu, siku likitokea nitakayefungwa ni mimi, ila hayanihusu.

Mwenye ukumbi simlaumu sana, na hili nalisema wazi. Ni mama wa watu, alikuja karakana tukaongea vizuri tu. Kachukua mkopo, pango la ghala ni nafuu kuliko fremu za kule barabarani, ana nafasi ya magari, na paa liko juu kwa ajili ya ngazi zake. Akanionesha karatasi yake ya kibali, ina mihuri mitatu. Akaniambia, "Kaka, mimi nilipeleka nilichoambiwa nipeleke." Namwamini. Nilipomwonesha mlango wake wa nyuma unatokea wapi, alikaa kwenye tofali akanyamaza. Hakuna aliyewahi kuufungua akiwa naye. Waliokagua waliishia kwa twiga.

Nyongeza, saa tatu usiku: nimesoma majibu yenu. Anayesema nihamishe mitungi, nimeshaihamisha, sasa iko karibu na jiko la mama ntilie, hapo sijui nimepata nini. Anayesema "watoto nao wanahitaji pa kuchezea": wanahitaji kabisa, mimi nina watatu, lakini wangu hawaji karakana hata wakilia. Na wewe unayesema nimeogopa ushindani, ndugu yangu, mimi nauza matangi.

Ninachoomba ni kitu kimoja. Mwenye uzoefu wa pingamizi la mabadiliko ya matumizi baada ya kibali kutoka, anielekeze: naanzia wapi, na nina haki ya kuona muhtasari wa kikao cha kamati? Naomba jibu kabla ya Ijumaa. Jumamosi wana sherehe tatu, ya kwanza saa nne asubuhi, na saa nne hiyohiyo mimi nashusha kontena la futi 40 la vyuma. Lori linaingia kinyumenyume, kwenye barabara ileile wanayoshushia watoto.