Kaka aliomba hukumu ya dini, ilipotoka akaikataa. Nifanyeje?

MtotoWaMagomeni:
Habari zenu, wanajukwaa. Baba yetu alifariki akaacha nyumba moja Magomeni, mjane ambaye ni mama yetu wa kambo, watoto wawili wa kiume na wawili wa kike. Wazazi wa baba walikwisha kutangulia. Kaka yetu mkubwa ndiye aliyeshikilia kwamba mirathi igawanywe kisharia, na mbele ya wazee akasema atalipokea lolote atakalolitamka sheikh, liwe tamu au chungu. Sheikh akauliza madeni na wasia, kisha akaandika kwenye karatasi ya daftari mafungu 48: mjane 6, ambayo ni thumuni yake, yaani sehemu moja ya nane, kila mwanamume 14, kila mwanamke 7. Kaka aliikunja karatasi ile, akaitia mfukoni mwa kanzu, na hatujaiona tena. Sasa anadai sheikh amenunuliwa na mama, naye anatafuta mwingine. Kwa nini mtu wa swala tano aikimbie hukumu aliyoiomba mwenyewe, na nimwendeeje bila kuvunja udugu?

BintiAlhaji:
Poleni kwa msiba. Surat An-Nur, aya ya 48 na 49, inawataja watu wanaogeuka wanapoitwa kwenye hukumu ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake, ila haki ikiwa yao huja wakitii. Nadhani kaka yako alikwenda kwa sheikh akiwa na jibu lake tayari.

MzeeWaKinondoni:
Mimi ni Mkristo, lakini kisa hiki nakifahamu. Katika Yeremia, sura ya 41 hadi 43, mabaki ya Yuda walimwomba nabii awaulizie kwa Mungu, wakaahidi kutii jibu likiwa jema au baya, ilhali walikwisha kupiga kambi karibu na Bethlehemu ili waende Misri. Jibu lilipokuja baada ya siku kumi kwamba wasiende, walimwambia anasema uongo na kwamba Baruku, mwandishi wake, ndiye anayemchochea. Hakuna aliyethubutu kusema Mungu amekosea, kwa hiyo lawama ikamwangukia mjumbe. Kaka yako naye hajaigusa aya hata moja, amemgusa sheikh.

FundiWaTemeke:
Wazee wangu, tusimhukumu haraka. Nani anaishi humo, na kodi anapokea nani?

MtotoWaMagomeni:
Anaishi kaka na familia yake, na kodi ya fremu mbili za mbele anapokea yeye.

FundiWaTemeke:
Basi anachokiogopa ni nyumba kuuzwa na watoto wake kukosa pa kulala, na mwenye hofu hiyo hata umsomee msahafu mzima atasikia neno moja tu: hama. Anzeni hapo. Mwulizeni, mbele ya sheikh yule yule, kama anaweza kuyanunua mafungu ya wenzake kidogo kidogo, kodi ya fremu ikisaidia. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ni nani?

MtotoWaMagomeni:
Ni yeye.

FundiWaTemeke:
Basi anawajibika kupeleka mahakamani orodha ya mali na hesabu ya mgawanyo, na mrithi yeyote anaweza kulalamika katika mahakama hiyo hiyo. Mwambieni hilo kwa upole, mkishamaliza kuzungumzia pa kukaa, si kabla.