Nimeshinda mashindano mawili ya vipaji. Je, nitie sahihi mkataba huu?

Gitaa_la_Kinoo
Wanajukwaa, nawasalimu. Mimi ni msichana wa miaka 24, mkaazi wa Kinoo, na huimba muziki wa kantri, ule ambao wazazi wetu waliusikiliza katika kaseti za Jim Reeves na Dolly Parton hadi ukawa kama wa kwetu. Mwaka uliopita nilishinda mashindano mawili ya vipaji hapa Nairobi, na tangu hapo hutumbuiza kila Jumamosi katika hoteli moja kandokando ya Barabara ya Ngong kwa shilingi 4,000, nauli ikiwa juu yangu. Sasa meneja mmoja ameniletea mkataba wa miaka mitano: yeye atagharimia studio na video, nami nitampa asilimia 40 ya mapato pamoja na haki za nyimbo zangu zote, hata zile 11 nilizozitunga kabla hatujajuana. Anasema nisipotia sahihi kabla ya mwezi kuisha, nitakuwa nimeshasahaulika.

Hata hivyo, kinachoninyima usingizi ni jambo jingine. Jumamosi iliyopita niliimba wimbo wangu mwenyewe, na watu wakaendelea na nyama choma yao. Nilipoingia wimbo wa Dolly, meza nzima ya akina mama ikainuka kucheza. Aliyeshinda kwa kuimba vya wenzake atadumu vipi kwa vyake?

Mzee_wa_Kaseti
Binti yangu, huyo anakutisha kwa mwezi mmoja, ilhali Miranda Lambert, mwimbaji wa kantri wa Marekani aliyeshika nafasi ya tatu katika shindano la vipaji la televisheni la Nashville Star mwaka 2003, alisubiri hadi 2005 ndipo albamu iliyomtambulisha ikatoka, tena ikiwa imejaa nyimbo alizoshiriki kuzitunga. Mwenzake, Kacey Musgraves, alikuwa wa saba katika shindano hilohilo mwaka 2007, na albamu yake ya kwanza chini ya kampuni kubwa ikatoka 2013. Katika miaka hiyo alikuwa akiwatungia wengine, na mmoja wa nyimbo alizoshiriki kuzitunga uliimbwa na Lambert huyohuyo. Mwaka 2019 alitwaa Grammy ya albamu bora ya mwaka. Je, nani leo anauliza nani walimtangulia katika lile shindano?

Nyota_ya_Rongai
Mzee, kwa heshima, naona umechagua mifano inayokufaa. Carrie Underwood, naye wa kantri, alishinda shindano la American Idol mwaka 2005, albamu yake ikatoka mwaka huohuo, na kufikia 2008 alikuwa ameshapokewa kuwa mwanachama wa Grand Ole Opry, lile jukwaa mashuhuri la kantri kule Nashville. Kasi haikumdhuru. Lakini nakiri kwamba yeye alibebwa na televisheni ya nchi nzima na redio zinazocheza kantri mchana kutwa, wakati meneja wa dada yetu, kwa maelezo haya, ana studio na kalamu tu.

Msomi_wa_Mikataba
Dada, asilimia hujadiliwa. Nyimbo ndizo za kushikilia. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, wimbo ni mali yako tangu ulipouandika au kuurekodi, na haki hiyo hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo chako. Haiwezi kuhamishwa kwa maneno matupu, ni lazima iwe kwa maandishi, na ndiyo maana anaitaka sahihi yako kwa hamu hivyo. Tenganisha utunzi, yaani maneno na tuni, na rekodi, yaani sauti iliyonaswa studioni: ikiwa atalipia studio, zungumzeni juu ya rekodi hizo, kwa muda maalumu, na zile nyimbo 11 zitajwe kwa majina kuwa ziko nje ya mkataba. Zisajili kwanza katika Bodi ya Hakimiliki, ili uwe na ushahidi.

Besi_Nne
Nimepiga besi katika hoteli kwa miaka tisa, kwa hiyo naomba nijibu lile swali la akina mama. Walisimama kwa sababu wimbo ule wanaujua tangu utotoni. Wako wameusikia mara moja, huku mhudumu akiuliza nani aliagiza kachumbari. Usiutangulize kwa hotuba kwamba ni wako. Uweke baada ya nyimbo mbili wanazozijua, katika mwendo uleule, bila kusimama kurekebisha nyuzi, na uurudie kila Jumamosi mahali palepale. Sisi tulifanya hivyo na wimbo mmoja, na ilichukua karibu miezi minne kabla ya meza ya kwanza kuitikia kiitikio.

Na kuhusu mshindi kudumu kwa vyake: Scotty McCreery, mwimbaji mwingine wa kantri, alishinda American Idol mwaka 2011, kisha akapoteza mkataba wake wa kurekodi. Wimbo alioshiriki kuutunga akautoa bila kampuni mwaka 2017, nao ndio uliompandisha hadi kileleni mwa chati ya redio za kantri mwaka uliofuata.

Gitaa_la_Kinoo
Nawashukuru. Nimekipigia mstari kifungu cha haki za nyimbo, na mkataba nitaurudisha Jumatatu. Besi, wimbo wenyewe una mwendo wa taratibu; je, niutangulize kwa Jim Reeves badala ya Dolly?

Besi_Nne
Jim Reeves. Na ubadilishe uzi wa tatu kabla ya Jumamosi.