Tupeane uzoefu: watu wazima tunaotunza midoli yetu ya kitambaa na manyoya

Mleta mada, Dar es Salaam

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Mada hii nimeiahirisha kwa muda mrefu, na kilichonisukuma hatimaye ni uongo nilioutamka mwenyewe mwezi uliopita. Tulikuwa tunahama nyumba, na wifi yangu alikuja kunisaidia kufunga vitu. Alipofungua sanduku lililokuwa juu ya kabati alimkuta dubu wa manyoya, akamwinua, akaniuliza ni wa mtoto yupi. Nikamjibu kwamba ni wa binti yangu mdogo. Dubu yule ni wangu. Nina miaka 43, ninaye tangu 1988, na jibu lile limenikaa moyoni kwa sababu nilijiona kama niliyemkana mtu.

Baba alimnunua kwa muuza mitumba. Alikuwa wa rangi ya kahawia iliyopauka, kifua kimechakaa kwa kukumbatiwa na mtoto wa nchi nyingine, na ndani ya sikio lake la kushoto kulikuwa na herufi mbili zilizoshonwa kwa uzi mwekundu, ambazo si za jina langu. Jicho moja halikuwepo. Usiku uleule baba alikata kifungo kwenye mkono wa shati lake la kazini, akaketi karibu na taa ya chemli, akakishona mahali pa jicho kwa uzi mweusi, akiuzungusha mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kama afanyavyo mtu asiyezoea sindano. Kifungo hicho hakijawahi kulegea. Baba alifariki 2009. Shati halipo, nyumba ile imeuzwa, na picha zake tulizobaki nazo ni mbili, lakini kazi ya vidole vyake ninaweza kuigusa wakati wowote ninaotaka.

Nilikwenda naye shule ya bweni, akakaa chini kabisa ya tranka kwa miaka minne bila mtu kujua. Nimekwenda naye wodi ya wazazi. Kwetu mtu mzima akionekana na mdoli huambiwa ama anadeka, ama hajakomaa. Mimi nimelea watoto watatu, nimemuuguza mama na nimesimamia msiba wa baba, na sioni ni wapi ukomavu wangu ulipungua. Naomba tupeane uzoefu kwa uzito unaostahili: nani bado anaye wake, alimpata vipi, na kwa nini anamweka pale anapomweka?

Mchangiaji, Mombasa

Asante sana dada kwa mada. Mimi ni dereva wa lori, njia yangu ni Mombasa hadi Kampala, na mara nyingine hadi Kigali. Wangu sikupewa utotoni, ila naomba nafasi hapa. Binti yangu alipokuwa na miaka mitano alinitilia tembo wake wa kitambaa kwenye begi bila kuniambia, nami nikamgundua nikiwa kwenye foleni ya mizani ya Mariakani. Nilipopiga simu nyumbani aliniambia kwamba tembo amekuja kulala nami kwa kuwa ndani ya lori kuna giza. Binti huyo sasa yuko chuo kikuu. Tembo yuko kwenye kitanda cha nyuma ya kiti changu, mkonga wake uliokuwa wa buluu umeshakuwa wa rangi ya dizeli, na taniboi mpya huuliza habari zake mara moja tu. Nikikwama Malaba usiku kucha, yeye ndiye ninayeegemeza kichwa changu kwake, na silali vizuri asipokuwepo.

Mchangiaji, Goma

Nimeisoma habari ya kifungo cha baba yako nikaona sina budi kuandika.

Tarehe 17 Januari 2002, volkano ya Nyiragongo ilipopasuka na moto wake kuingia mjini, nilikuwa na miaka tisa. Mama alimfunga mdogo wangu mgongoni, akabeba sufuria yenye unga ndani, akaniambia nichukue mfuko wangu wa shule. Sikuuchukua. Nilichukua nyani wa kitambaa ambaye shangazi alinishonea kwa mabaki ya vikwembe vyake, kila mguu rangi yake. Tulitembea na umati hadi ng'ambo, Gisenyi, na usiku ule tulilala nje huku anga upande wa kwetu likiwa jekundu. Mama alikasirika sana alipogundua nilichobeba, kwa sababu madaftari yangu yote na cheti changu cha kuzaliwa vilikuwa ndani ya ule mfuko. Tuliporudi, mahali pa nyumba yetu palikuwa na jiwe jeusi ambalo bado lilikuwa na joto. Katika vitu vyote vilivyokuwa vyangu kabla ya siku ile, nyani ndiye pekee aliyebaki.

Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, anga likawa jekundu tena. Mara hii nilikuwa mimi ndiye mama. Nilikusanya vitambulisho, maji, blanketi na watoto wawili, na mwanangu wa kwanza alipotaka kuchukua gari lake la plastiki nilimkatalia, nikamwambia tubebe vya lazima tu. Tukiwa njiani aliona mguu wa nyani umetokeza kwenye mkoba wangu. Aliniuliza kwa nini mimi nimebeba cha kuchezea ilhali yeye nimemkataza, na sikuwa na jibu. Safari hii moto ulisimama kabla haujafika katikati ya mji, nyumba yetu ilisalimika, na gari lake alilikuta palepale mlangoni. Hata hivyo swali lile sikuliacha lipite. Niliketi naye nikamsimulia habari za 2002, sehemu ambazo sikuwahi kumsimulia mtu, na nyani akiwa mapajani mwake muda wote. Tangu hapo, kila mmoja wetu ana kitu kimoja kinachoruhusiwa kwenye mkoba wa dharura, na hakuna anayehojiwa amechagua nini.

Mchangiaji, Nairobi

Samahanini, mimi nina mawazo tofauti, na ninayasema kwa heshima. Nadhani haya ni mambo ya Wazungu tuliyoletewa pamoja na mitumba yao. Wazee wetu hawakulala na midoli.

Mchangiaji, Kisarawe

Ndugu yangu wa Nairobi, kwa upande wetu sikubaliani nawe. Bibi yangu ni Mzaramo, na alipowekwa ndani kama mwali alikabidhiwa mwana hiti, mwanasesere wa mti mwenye nywele zilizochongwa, akawa anamwogesha, anampaka mafuta na kumtunza kama mtoto wake siku zote za kufundwa. Wala hakuwa mtoto mdogo, alikuwa msichana anayeandaliwa kuwa mke na mama. Ninajua kwamba mwana hiti ana maana zake za kimila ambazo si sawa na dubu wa manyoya, na sipendi kuzichanganya. Ninachosema ni kwamba kumtunza mwanasesere kwa dhati, ukiwa umeshavuka utoto, hatukukungoja kuletwe na meli.

Mchangiaji, Leicester, Uingereza

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mzaliwa wa Kakamega na kazi yangu huku ni kuwahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia, wengi wao wakiwa wamepoteza kumbukumbu. Baadhi yao hupewa mwanasesere au mnyama wa manyoya, na sisi wahudumu tumefundishwa kwamba tusimpokonye mzee, tusimcheke, na akiamini kwamba amebeba mtoto mchanga tusimbishie. Familia nyingine huumia zikiona mzazi wao, aliyekuwa mtu wa madaraka, ameketi na mdoli kifuani, nami huwaelewa. Lakini nina mzee mmoja aliyekuwa fundi wa mitambo, ambaye sasa hasemi neno hata moja, na ana mbwa wa manyoya. Hulisugua sikio la mbwa huyo kwa kidole gumba, taratibu, kutoka chini kwenda juu, na manyoya ya sehemu ile yameisha kabisa, kimebaki kitambaa kitupu. Akiwa analisugua hukubali kuvalishwa na kulishwa. Siku tuliyompeleka mbwa kufuliwa na akachelewa kukauka, hakula chakula cha jioni. Tangu siku hiyo humfua asubuhi, akarudi kabla ya jua kuzama.

Wala msidhani huku kila mtu yuko huru kulisema jambo hili. Huku nako wako wanaoficha, ingawa wapo waliokataa kuficha. John Betjeman, aliyekuwa mshairi mkuu wa taifa lao, alikuwa na dubu wake Archibald tangu utotoni, na alipofariki 1984 alikuwa naye mikononi. Donald Campbell, aliyevunja rekodi za mwendo majini na nchi kavu, alisafiri na dubu mdogo aitwaye Mr Whoppit. Boti yake ilipopinduka katika ziwa la Coniston tarehe 4 Januari 1967, dubu alionekana akielea juu ya maji, na mwili wa mwenyewe haukupatikana hadi 2001. Kila nikiifikiria habari hiyo huwa nanyamaza kidogo.

Ninachokiogopa ni hiki: mama yangu ana miaka 74, yuko nyumbani Kakamega, na kama kumbukumbu yake itamtoka siku moja, mimi mwanawe sijui ni kitu gani cha utotoni mwake ningemwekea mkononi. Sijawahi kumuuliza. Nimepanga kumuuliza Jumapili hii nitakapompigia simu.

Mchangiaji, Arusha

Mimi wangu alipotea, na ninaandika kwa niaba ya wale ambao hawana tena wa kuonyesha. Alikuwa sungura mweupe, nilimsahau kwenye basi nikiwa na miaka saba. Mama mdogo alizunguka maduka siku mbili hadi akampata mwingine wa aina ileile, rangi ileile, utepe uleule shingoni. Nilimshika mara moja, nikamrudishia, nikasema kwamba huyu si yeye. Mama mdogo alilia, na mimi nilibeba lile kosa la utovu wa shukrani hadi utu uzima.

Niliposomea saikolojia nilikutana na Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza, ambaye mwaka 1951 alieleza jinsi blanketi au mdoli wa kwanza unavyomshikilia mtoto katika nafasi iliyopo kati yake na mama yake. Lakini kilichonifungua kifungo cha moyo ni jaribio la Bruce Hood na Paul Bloom la 2008. Watoto walioneshwa mashine waliyoaminishwa kwamba inaweza kutoa nakala ya kitu chochote, kisha wakaulizwa wachague kati ya mdoli wao na ile iliyodhaniwa kuwa nakala yake. Wale waliokuwa na mdoli wa kulala naye wengi wao walimchagua wa asili, na baadhi yao walikataa hata kumwacha aingizwe kwenye mashine. Nilimpigia simu mama mdogo siku hiyohiyo. Nilimweleza kwamba sikuwa nimeidharau zawadi yake. Alikuwa bado anaikumbuka siku ile vizuri kuliko mimi, na yule sungura wa pili alikuwa bado anaye.

Mchangiaji, Muscat

Assalaam alaykum. Kwa sisi tuliolelewa Pemba kulikuwa na jambo lingine la kuficha, nalo ni dini, kwani wazee wengi hawakutaka sanamu ndani ya nyumba. Bibi yangu alikuwa akisema kwamba Bi Aisha mwenyewe alikuwa na wanasesere alipokuwa mdogo na Mtume hakumkataza, ila wanazuoni wamehitilafiana kuhusu mipaka yake, na kwa hivyo yeye alinishonea wangu asiye na uso. Alimkata kutoka kwenye kanga yake kuukuu na kumjaza sufi iliyotoka kwenye mto. Katika maandishi ya ile kanga limebaki neno moja linalosomeka, nalo ni "subira", mgongoni mwake, likipinda kufuata mshono. Nilihama naye mwaka 1996. Anakaa kwenye kasha la nguo zangu za kutokea, na kila ninapofukiza udi humweka karibu kidogo na chetezo, kwa kuwa nguo za bibi zilinukia hivyo.

Mchangiaji, Tanga

Mimi ni fundi cherehani na nimeshaletewa midoli ya watu wazima mara nyingi, aghalabu ndani ya mfuko mweusi uliofungwa mafundo mawili. Ninaomba niseme ya kazi tu. Dubu wa zamani wa Ulaya wengi walijazwa nyuzi nyembamba za mbao au sufi, hii hii ya misufi yetu, kwa hiyo usimtumbukize kwenye maji kabla hujajua ndani kuna nini: mfute kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, umwanike kivulini. Uangalie na sikio pia, kwani kampuni ya Steiff ya Ujerumani imekuwa ikiweka kifungo cha chuma sikioni tangu 1904. Mwenye mzio wa vumbi amfunge kwenye mfuko na kumweka kwenye friza siku nzima, kisha amkung'ute. Na ukiniletea, niambie mshono upi nisiuguse. Kila mwenye mdoli ana mshono mmoja asiotaka uguswe.

Mleta mada

Nimesoma kila neno, na mengine nimeyasoma mara mbili. Fundi wa Tanga, jana nilifumua mshono wa ubavuni, si wa jichoni, na kweli ndani nilikuta sufi, imegandamana kama udongo na imekuwa rangi ya chai. Binti yangu aliichambua kwa vidole hadi ikainuka, tukairudisha yote bila kuongeza kitu, na yeye ndiye aliyeshona. Aliniuliza zile herufi mbili nyekundu ni za nani. Nilimwambia ni za mtoto aliyekuwa naye kabla yangu, na kwamba huenda mama yake alizishona ili asipotee. Akasema ziachwe.

Wifi yangu amekuja leo kutuona katika nyumba mpya. Dubu yuko kitandani kwangu, juu ya mto. Safari hii hakuuliza kitu, ila nilimketisha, nikampa chai, nikamwambia ni wa nani.