Mrejesho: sampu ya oili imekaa

Wakuu, niliuliza kuhusu sampu (beseni la oili chini ya injini) ya injini ya Lycoming O-320 kwenye ndege ninayojijengea. Kabureta, inayoning'inia chini ya sampu, ilikuwa ikigusa boneti ya chini. Mkaniambia nisikate kitu kabla ya kupima upya.

Aibu yangu: sampu haikuwa na kosa. Raba za kushikia injini nilizipanga kinyume, laini mahali pa ngumu, pua ya injini ikainama. Nilipozigeuza, nafasi ikapatikana.

Gasketi mpya, bolti nimezikaza kwa kuvukanisha (moja huku, inayofuata upande wa pili), plagi ya kumwagia oili nimeifunga waya isilegee. Injini imewaka, oili haivuji hata tone. Ila mpira wa bomba moja la kupeleka hewa na petroli kwenye silinda una alama ya bluu, rangi ya petroli ya ndege. Nimekaza klempu, kesho naikagua tena.