Naomba ushauri: mbolea imwagwe kabla ya trekta kulima, au iwekwe shimoni wakati wa kupanda mahindi ya masika?

Mjukuu wa Kusini: Assalaamu alaykum ndugu zangu. Masika yanakaribia, nami nina shamba la urithi Kusini Unguja ambalo nakusudia kulipanda mahindi. Je, mbolea niimwage shamba zima ili trekta liifukie, au niiweke shimoni pamoja na mbegu? Na trekta lipite mara moja au mara mbili? Nyumbani wananitazama mimi, na usingizi siupati.

Mzee wa Bonde: Wa alaykumu ssalaam, mwanangu. Mbolea ya kupandia iingie shimoni, kwa sababu fosfeti, ambayo katika DAP, mbolea ya dukani ya kupandia, ni asilimia 46, haitembei mbali udongoni, na ikitapanywa juu mzizi mchanga hauipati. Lakini usiiache iguse mbegu, kwani itaiunguza kabla haijachipua. Ifukie kwa udongo wa vidole viwili au vitatu, ndipo utie mbegu. Ama trekta, sisi tunaolima mpunga kwenye kinamo, udongo mzito unaonata, kule Cheju tunajua kwamba madhara huja likiingia ardhi ikiwa imelowa. Mimi hufinya donge la udongo na kuliangusha. Likibaki zima kama andazi, dereva namrudisha kwao, hata akinuna.

Bi Samadi: Vijana siku hizi mnakimbilia mifuko ya dukani, na samadi ya ng'ombe inaozea mabandani. Halafu hilo shamba la urithi, dada zako wameshirikishwa?

Kijana wa Mwera: Kaka, hujasema udongo wako ni wa aina gani wala mbolea uliyonayo ni ipi.

Mjukuu wa Kusini: Ni udongo wa kawaida wa kwetu. Dada zangu wameridhia, Bi Samadi.

Kijana wa Mwera: Huko kwenu kuna mahali pa kulima kwa jembe na kuna mahali ambapo jembe linalia. Ukiuchoma mtaimbo, unazama kiasi gani?

Mjukuu wa Kusini: Basi ni uwanda, yaani ardhi ya mawe yenye udongo mchache. Mahali pengi mtaimbo unazama kiasi cha kiganja kisha unagonga jiwe, ingawa upande wa chini kuna kinongo, udongo wenye kina. Sikulitaja hilo kwa kuwa sikuona linavyobadilisha swali langu. Malipo ya awali ya trekta nimekwisha kuyatoa, na dereva amenieleza kwamba jembe lake ni la sahani, ambalo hupanda juu ya jiwe badala ya kukwama. Mbolea niliyonunua ni urea, kwa kuwa mwenye duka alisema ndiyo yenye nguvu.

Kijana wa Mwera: Linabadilisha kila kitu. Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni, lakini ikiachwa juu ya udongo wenye unyevunyevu hugeuka amonia na kupotea hewani, na udongo wa mawe ya chokaa kama wako huzidisha upotevu huo. Ukiitia shimoni pamoja na mbegu, amonia hiyohiyo itaua miche. Ihifadhi mpaka mahindi yafike magotini, kisha uiweke katika kishimo kando ya shina na uifukie. Kwa sasa tia samadi iliyooza vizuri. Dereva hakukudanganya kuhusu sahani, lakini sahani inayopanda juu ya jiwe hailimi kitu hapo, na penye udongo mchache italeta mawe juu na kuukausha udongo wenyewe. Kwenye uwanda mtu hufuata mifuko ya udongo iliyo kati ya mawe kwa muo, mti uliochongoka wa kuchimbia, na kupanda humo, na majani yaliyofyekwa huyaacha yafunike ardhi.

Mchunguzi wa Fuoni: Mniwie radhi, mimi naona kisa hiki kimetungwa. Aliyerithi uwanda hawezi kuuliza trekta lipite mara ngapi. Huyu ama anauza urea au anakodisha trekta, nanyi mnamtangazia biashara yake bure.

Mpemba Mcheshi: Kama anauza urea, basi Kijana wa Mwera amekwisha kumfilisi.

Bi Samadi: Na atuambie kinachoota shambani humo.

Mjukuu wa Kusini: Kuna vichaka vya michengele na mikaati, na bigili ya marehemu bibi, ukuta wa mawe wa kuzungushia shamba, imebomoka upande wa baharini, ndiko nguruwe mwitu wanakopitia. Nimekulia mjini, Mchunguzi. Hilo halinifanyi mwongo.

Mzee wa Bonde: Mtunzi wa mjini hataji bigili. Mimi namsadiki.

Mchunguzi wa Fuoni: Mtunzi hodari huuliza wenyeji kwanza. Mimi bado.

Mjukuu wa Kusini: Hata hivyo trekta litakuja, kwa sababu fedha hairudi. Litalima kule kwenye kinongo tu.

Kijana wa Mwera: Hilo halina ubaya, lakini kabla ya dereva kufika pita na mtaimbo kila baada ya hatua chache, na usimike kijiti kila unapogonga jiwe, ili mpaka auone kwa macho. Kinongo kikiwa kikavu kiasi, mara moja inatosha.

Mjukuu wa Kusini: Na urea, je, nikiichanganya na majivu ya vichaka nilivyochoma, haitapoa makali nikaitia shimoni sasa?

Kijana wa Mwera: Usithubutu, kaka. Majivu yanaiharakisha hiyo amonia kutoka. Funga mfuko vizuri, uuweke juu ya ubao mahali pakavu, na mbegu uzipande bila hiyo urea.