Mjadala: Je, ni haki kuukwea mti hai kwa miiba ya chuma ili kuupogoa?

Mleta mada

Ndugu zangu, naomba tujadili jambo ambalo sisi tunaoishi kwa kazi ya kupogoa miti tumelinyamazia kwa muda mrefu. Nazungumzia miiba ya kukwelea, yaani vile vyuma ambavyo mafundi wa nguzo za umeme huvifunga miguuni, vyenye ncha kali upande wa ndani wa kila mguu, ili kila hatua ichome nguzo na kumzuia mtu asiteleze. Kwenye nguzo iliyopakwa dawa sina neno. Kwenye mti unaoangushwa siku hiyohiyo pia sina neno. Swali langu ni kuhusu mti hai ambao mwenyewe ametuita tuupunguze matawi ili aendelee kukaa chini ya kivuli chake: je, tuna haki ya kuupanda kwa kuuchoma? Msimamo wangu ni kwamba hatuna.

Miezi michache iliyopita niliitwa kwenye ua wa shule moja hapa Mombasa kuutazama mwembe mkubwa uliokuwa umepogolewa na watu wengine kabla yangu. Kabla hata sijainua macho kutazama matawi, nililiona shina. Kuanzia usawa wa goti matundu yalipanda pande zote mbili, yakiwa yameachana kiasi cha shibiri moja, na kutoka kila tundu utomvu ulikuwa umetiririka na kuganda kuwa mstari mweusi. Nilihesabu matundu 19 kabla ya panda ya kwanza. Nilipolibonyeza gome kwa kidole gumba pembeni ya tundu mojawapo, lilididimia kama embe lililoiva kupita kiasi, na sisimizi wakatoka.

Wengi husema kwamba mti utapona. Mti hauponi kama tunavyopona sisi. Ngozi yetu ikichanika, mwili hujenga nyama mpya mahali palepale, lakini mti hauna uwezo huo. Alex Shigo, mtafiti wa misitu wa Marekani aliyepasua maelfu ya magogo ili kuona kilichomo ndani, alieleza mwaka 1977 kwamba mti hulizungushia jeraha kuta, ukaifungia humo sehemu iliyoharibika na kuendelea kujenga mbao mpya nje yake. Jeraha hubaki humo ndani maisha yote ya mti. Kuta hizo zina gharama, kwa sababu mti huzijenga kwa chakula chake cha akiba, na mbao zilizofungiwa ndani hazipitishi maji tena. Tawi likikatwa vizuri kwenye shingo yake, yaani ule uvimbe ulio mahali linapoungana na shina, huacha jeraha ambalo mti una namna ya kulikabili. Matundu ya miiba ni majeraha mengi yaliyokaribiana kwenye shina lenyewe, na uozo wa tundu moja unaweza kuungana na wa jirani yake.

Tena chuma hicho hutoka mti mgonjwa kikaingia mti mzima bila kufutwa. Kusini mwa Ufaransa, kando ya mfereji wa Canal du Midi, maelfu ya miti ya platani imekatwa tangu ugonjwa wa fangasi ulipogunduliwa hapo mwaka 2006, na zana za kupogolea ni miongoni mwa njia zinazojulikana za kuusambaza ugonjwa huo. Karibuni tujadiliane.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, nimekusoma kwa heshima, lakini umeutazama mti ukamsahau aliye juu yake. Nimefanya kazi hii kwa miaka 14. Kamba ya kuaminika, mkanda wa kiunoni na kofia ngumu ni fedha ambazo sijawahi kuzishika kwa pamoja. Mteja hulipa kwa mti, halipi kwa siku, kwa hiyo nikikaa nusu saa nikirusha kamba ipite juu ya tawi, mwenzangu mwenye miiba amekwisha kumaliza na kuondoka na mteja wa pili. Isitoshe, nilimwona kwa macho yangu kijana akianguka kutoka kwenye mti wa mkungu kwa sababu alipanda kwa mikono na miguu mitupu. Yeye hatembei tena. Ukiniambia nichague kati ya gome la mti na uti wa mgongo wa mtoto wa mtu, nitachagua bila kufikiri mara mbili.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni mkulima wa Kilifi. Minazi aliyotuachia babu ina vidato vilivyochongwa kwa panga tangu kabla sijazaliwa, na mpaka leo inazaa. Mgema anayekwea asubuhi na jioni, kila siku ya Mungu, angefikaje kileleni bila mahali pa kukanyaga? Nimesikia pia kwamba Wahadzabe, wale wawindaji wa kando ya Ziwa Eyasi huko Tanzania, hupigilia vigingi vya mti katika mbuyu wanapofuata asali. Je, hao wote wanautendea mti uovu?

Mleta mada

Nawashukuru nyote wawili, na nianze na ndugu yangu wa Kilifi. Mnazi haufanani na mwembe. Mishipa yake imetawanyika katika shina zima badala ya kutegemea tabaka moja jembamba chini ya gome, ndiyo maana kidato hakiuui. Lakini kwa sababu hiyohiyo hauna tabaka la kuliziba jeraha, na ukienda kukitazama kidato alichochonga babu yako utakikuta wazi vilevile, kikishika maji ya mvua. Hata hivyo simlaumu babu. Aliyechonga kidato ndiye aliyekula nazi, na kama mnazi ungedhoofika hasara ingekuwa yake mwenyewe. Mbuyu nao hujenga upya hata gome lililobanduliwa, na mfuata asali hana njia nyingine ya kupanda shina lile pana lisilo na tawi. Kanuni za upogoaji za Marekani, zinazoitwa A300, zinakataza miiba kwenye mti unaopogolewa, lakini zinaikubali pale ambapo gome ni nene kiasi cha kulinda tabaka hai, au matawi yako mbali kuliko kamba inavyoweza kurushwa na hakuna njia nyingine, au kuna mtu wa kuokolewa huko juu. Wahadzabe wangepita katika kipimo hicho. Mwembe wa shule usingepita, kwa maana panda yake ya kwanza inafikiwa kwa ngazi ya kawaida.

Ndugu mchangiaji wa kwanza, hoja yako ndiyo nzito. Mwenzangu akiumia juu ya mti, nitafunga miiba na kumfuata, uwe mti wowote ule. Lakini miiba haikukingi kama unavyodhani. Kwenye gome lililolegea ncha huchomoka na mtu huserereka na shina mpaka chini, na ukifika kwenye matawi ya mwembe yaliyolala, vyuma hivyo hukukwaza badala ya kukusaidia. Kinachomshika mtu ni kamba iliyopita kwenye panda imara juu ya kichwa chake. Kijana yule wa mkungu alihitaji kamba.

Ninachokiona kuwa dhuluma ni hiki: wewe unaokoa nusu saa, mteja anaokoa fedha, na deni linabaki shinani kwa miaka mingi. Siku tawi lililooza litakapodondoka, aliyepanda kwa miiba hatakuwepo, na watakaokuwa chini yake ni watoto waliokuja mapumzikoni. Hata hivyo lawama kubwa siiweki kwako. Naiweka kwa anayekuajiri kwa bei ya mti, akijua kabisa kwamba bei hiyo haitoshi kununua kamba. Mteja anayetaka mti wake ubaki mzima anapaswa kulipa kwa siku na kuingiza gharama ya vifaa katika malipo.

Nimewaeleza hivyo wasimamizi wa shule ile, na wamekubali kununua kamba moja na mikanda miwili ambayo itakaa shuleni. Mwezi ujao wakwezi wawili watakuja kujifunza, chini ya mwembe uleule, kurusha juu ya panda kifuko chenye uzi wa kuvutia kamba. Nafasi ya tatu ipo, ndugu yangu, ukipenda kuja.