Mrejesho: findo la mume wangu ni TB

Niliuliza kuhusu mume wangu: findo la kooni limevimba upande mmoja, tezi shingoni, antibayotiki zimegonga mwamba. Mliosema aone daktari wa koo, asanteni. (Aliyetaja saratani, ulininyima usingizi!) Walikata kipande kidogo cha findo kupima, maabara ikasema kifua kikuu. Hakohoi, na eksirei ya kifua ni safi. Kumbe TB hushika hata tezi, figo, uti wa mgongo.

Dawa ni miezi 6: aina nne miezi 2, kisha mbili miezi 4, bure kliniki ya serikali hapa Kayole. Rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, imegeuza mkojo rangi ya chungwa, akaja mbio kuniita. Findo limenywea, tezi bado. Daktari aliuliza pia kuhusu maziwa mabichi, maana nayo yanaweza kuleta TB; mama mkwe ameshapigiwa simu ayachemshe.